Fundi Anayejua pa Kukomea

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga, na sisi tumeifanya methali hiyo kuwa onyo kwa mwenye hila. Lakini mwulize anayechimba visima kwa mikono yake, atakwambia kuwa maneno hayo yanaeleza kazi yake ya kila siku. Huingia mwenyewe kweli. Huingia asubuhi na sululu ya mpini mfupi, kwa kuwa mpini mrefu haugeuki ndani ya shimo, na jua likipanda yeye anashuka. Mwashi akipanga matofali, kila mpita njia huiona nyumba ikikua. Mchimba kisima, kazi yake humzidi kimo mapema sana, na tangu hapo hakuna wa kumtazama ila anayevuta kamba.

Naipenda kazi hii popote inapofanyika, ila ustadi wake mkubwa nauona mwambao, kuanzia Lamu hadi Kilwa, na visiwani Unguja na Pemba. Bara, mchimbaji hupambana na ukame na mwamba. Pwani ana jambo jingine juu ya hayo: chini ya maji baridi yanayonyweka yamelala maji ya chumvi, na hakuna ukuta unaoyatenganisha.

Siku ya kwanza hashiki jembe. Anatembea. Akiuona mkuyu uliositawi hujua maji hayako mbali, maana mti huo hupenda kukaa mizizi yake ikiwa karibu na unyevu. Hata hivyo, kuliko mti humwamini jirani. Kisima chake kina futi ngapi? Kamba yake aliiongeza lini? Maji yake mwezi wa Februari yana ladha gani? Kisha hutafuta vyoo, cha mwenye kiwanja na vya majirani. Kipimo kinachofundishwa sana ni mita 30 au zaidi kati ya choo cha shimo na kisima, choo kikiwa upande wa bondeni. Kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, kama ile ya mashariki ya Unguja, fundi mzuri huongeza umbali huo, kwa sababu maji hupita kwenye nyufa za jiwe upesi bila kuchujwa, tofauti na mchangani ambako hujisafisha yakipenya polepole.

Halafu huchagua mwezi. Kisima huchimbwa mwisho wa kaskazi, Februari au mwanzoni mwa Machi, kabla masika hayajafunguka, maji ya ardhini yakiwa chini kuliko wakati wowote. Anayechimba Mei hukutana na maji mapema, akafurahi, akamaliza. Kisima chake kikamtoroka Januari. Kuchimba wakati wa kiu ni kuamua kwamba kisima kipimwe siku yake mbaya kuliko zote, na mimi nauheshimu sana uamuzi huo.

Duara huchorwa kwa kigingi na kamba. Shimo ni la duara kwa sababu udongo husukuma kutoka pande zote, na ukuta wa mviringo huugeuza msukumo huo ukajikaza wenyewe, wakati ukuta ulionyooka hupasuka katikati. Chukua shimo lenye upana wa mita 1.2 na kina cha mita 10. Ndani yake mmetoka zaidi ya mita 11 za ujazo wa udongo, uzito unaokaribia tani 20. Zote hizo zimepanda kwa ndoo, moja baada ya nyingine, juu ya kichwa cha mtu aliyesimama chini yake. Ndiyo maana fundi huwa mkali kuhusu kamba, fundo na kapi. Ndiyo maana pia anayevuta juu hatakiwi kuwa kibarua wa kuokotwa barabarani asubuhi hiyo. Wawili hao huelewana kwa sauti fupi na mtikiso wa kamba, na timazi huning'inia kati yao kuonyesha kama ukuta umeanza kwenda upande.

Kwenye jiwe la matumbawe kazi ni ya mtaimbo. Ni nzito na ya taratibu, lakini ukuta husimama wenyewe. Mchangani ni kinyume: jembe linaingia kirahisi na ukuta haukai. Hapo ndipo huja kazi ninayoiona kuwa na akili kuliko zote. Pete ya zege huwekwa juu ya ardhi, ikasawazishwa kwa pimamaji, na fundi akaingia ndani yake. Huchimba chini ya ukingo wake, kidogo huku, kidogo kule, akizunguka, na pete hushuka kwa uzito wake yenyewe. Juu yake huwekwa ya pili, kisha ya tatu. Akichimba upande mmoja kupita mwingine, pete hulala na kukwama, na kuinyoosha ni kazi ya kutwa nzima. Akizunguka sawasawa, mnara mzima huzama ukiwa wima, naye ndani yake salama.

Hatari isiyoonekana ni hewa. Hewa nzito hukaa chini ya shimo, hasa lililolala bila kuguswa, na humwangusha mtu kabla hajapata la kusema. Mafundi hushusha kwanza mshumaa au koroboi; mwanga ukizima, hakuna anayeingia. Hushusha pia tawi la majani mabichi na kulipandisha mara nyingi ili kuikoroga hewa iliyotuama. Lakini mshumaa hauitambui sumu ya moshi wa injini. Pampu ya petroli haipaswi kamwe kuwashwa ndani ya kisima, na anayemwona mwenzake ameanguka chini asimfuate bila kamba mwilini na watu wa kumvuta. Wengi wamekufa wawili wawili kwa njia hiyo.

Sasa maji yametokea. Kwanza mchanga hugeuka rangi, halafu nyayo hujaa, kisha ndoo hupanda na tope. Mwenye nyumba aliye juu hushangilia na kutaka shimo liendelee, kwani ameshazoea kulipa kwa futi na anaona futi nyingine ni maji zaidi. Fundi wa pwani huonja. Huyaonja tena kesho asubuhi, yakiwa yametulia usiku kucha. Yakimfika mapajani na yakirudi kila yanapotekwa, anatoka. Bara angeendelea, ili kisima kistahimili ukame. Hapa anakoma.

Sababu yake imeandikwa na wataalamu wawili, Mholanzi Badon Ghijben mwishoni mwa karne ya 19 na Mjerumani Alexander Herzberg mwaka 1901. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mvua kwa takriban sehemu moja katika 40, hivyo maji ya mvua huelea juu yake ndani ya ardhi. Kwa kila mita moja ambayo maji baridi yamepanda juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji hayo chini ya usawa huo. Yashushe mita hiyo moja kwa kuyavuta kupita kiasi, na chumvi huanza kupanda kuzijaza zile 40.

Watu wa mwambao walilijua hilo kwa ulimi. Mji wa Takwa, kisiwani Manda, ulihamwa katika karne ya 17, na sababu inayotajwa mara nyingi ni visima vyake kugeuka chumvi. Wakazi wake walivuka kwenda Shela, kisiwani Lamu, ambako vilima vya mchanga huinywa mvua na kuitunza. Wazao wao wamekuwa wakirudi Takwa kuomba mvua penye kaburi lenye nguzo.

Siichukii mashine ya kuchimba. Mahali ambapo maji yako mita 80 chini, hakuna mkono utakaoyafikia, na ni haki watu wapate maji. Lakini kwenye kiwanja kilicho hatua chache kutoka ufukweni, bomba refu lenye mota hupita palepale ambapo fundi angesimama, na huvuta usiku na mchana bila kuonja. Mkono una kikomo: mtu hawezi kuchimba akiwa amezama, wala ndoo haiwezi kuteka zaidi ya mikono inavyovuta. Kikomo hicho ndicho kilichoyalinda maji ya pwani mahali pengi kwa karne nyingi, nami nakihesabu kuwa sehemu ya ustadi.

Basi wewe unayenunua kiwanja mwaka huu Kigamboni, Fumba au Mtwapa, mwite mchimba kisima kabla hujamwonyesha mwashi pa kuweka choo. Mwache atembee kiwanjani, azungumze na majirani, aonje maji yao. Na umlipe siku hiyo kama siku ya kazi.