Silaha Isiyoua na Watu Waliokanyagana

Nilikuwa Shinyanga mjini, barazani baada ya sala ya Alasiri, siku ya mpira katika Uwanja wa Kambarage. Magari ya askari yalikuwa yamekwisha pita. Mzee mmoja aliingiwa na wasiwasi kwa ajili ya wajukuu zake waliokwenda kutazama. Kijana mmoja mwenye adabu zake akamtuliza: "Usiwe na hofu, babu. Wale hawatumii risasi za moto. Wana mabomu ya machozi, maji ya kuwasha na virungu. Hizo ni silaha zisizoua." Mzee akatulia. Mimi sikutulia.

Ndugu msomaji, sina ugomvi na askari kuwepo uwanjani. Watu elfu kumi hawawezi kuachwa bila ya mwangalizi. Wala siwatetei mashabiki. Desemba 2024, Simba ilipocheza na CS Sfaxien ya Tunisia katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, viti viling'olewa, na mwenye kung'oa mali ya umma hana hoja mbele ya watu wala mbele ya Mola wake. Ninalolikosoa hapa ni hilo jina, "silaha isiyoua", kwa kuwa ni jina linalotoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa.

Tazama yaliyokwisha kutokea. Mjini Lima, nchi ya Peru, tarehe 24 Mei 1964, polisi walirusha mabomu ya machozi katika majukwaa, watu wakakimbilia milango, wakaikuta imefungwa. Hesabu ya serikali ilikuwa maiti 328. Accra, nchi ya Ghana, tarehe 9 Mei 2001, mabomu yale yale, milango ile ile, wakafa zaidi ya watu 120. Malang, nchi ya Indonesia, tarehe 1 Oktoba 2022, wakafa watu 135, na miongoni mwao wakiwemo watoto. Miaka 58 imepita baina ya msiba wa kwanza na wa mwisho, na kisa ni kimoja.

Moshi ule kwa hakika ni unga laini uliochanganyika na hewa, na ni mzito kuliko hewa. Hushuka walipo watu. Jicho hufumba lenyewe, kifua hubana, na mtu asiyeona hukimbilia alikoingilia. Mahali pa wazi atakimbia apate hewa. Uwanjani ana ukuta nyuma yake, watu mbele yake, na ngazi chini ya miguu yake. Silaha ni ile ile. Mahali ndipo palipoigeuza.

Kisha husikia redioni: watu kadhaa wamefariki kwa kukanyagana. Liangalie neno hili kwa makini. Kukanyagana maana yake huyu kamkanyaga yule na yule kamkanyaga huyu. Basi waliokufa wamekuwa ndio watendaji na ndio watendwa, wauaji na wauawa, na aliyerusha bomu hayumo katika sentensi. Sisi Waswahili tuna lugha pana sana, lakini hapa imetumika kumficha mtu.

Wanazuoni wetu hawakufichika katika jambo hili. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kilichosomeshwa pwani yetu vizazi na vizazi, imo mas'ala ya mtu aliyempigia ukelele mtoto asiyepambanua mambo, naye mtoto yuko ukingoni mwa dari. Akianguka kwa ukelele ule akafa, diya nzito ni wajibu. Mkono haukumgusa, sauti tu. Na kumwinulia silaha, hata usimpige, hukumu yake ni kama ya ukelele. Atakayesema "mimi sikumuua, yeye ndiye aliyeanguka", hasikilizwi.

Na fimbo na mjeledi, ambazo kwa ada haziui, Mtume (S.A.W.) amezitaja kwa majina. Alipoingia Makka alibainisha kwamba anayeuawa kwa mjeledi na fimbo, ijapokuwa muuaji hakukusudia kuua, diya yake ni ngamia mia, na arubaini katika hao ni wenye mimba. Hii ndiyo silaha isiyoua ya zama zile. Sharia haikuipa msamaha kwa ajili ya wepesi wake.

Mtu atasema: askari anatenda kwa amri ya dola. Hilo nalo limekwisha jibiwa. Sayyidna Umar (R.A.) alimpelekea mwanamke mmoja mjumbe wa kumwita, naye kwa hofu mimba yake ikaharibika. Baadhi ya masahaba wakamwambia hana lawama, kwa kuwa yeye ni mwenye kutia watu adabu. Sayyidna Ali (R.A.) akasema dhamana ni juu yake, na Umar akakubali. Kosa la mtawala, wanazuoni wamehitilafiana kama atalipiwa na jamaa zake au na Beit el Mal. Hawakuhitilafiana kwamba hulipwa. Minhaj imemweka mtawala safu moja na mzazi, mume na mwalimu: kila mmoja katika hawa, akitia adabu kwa kipigo na mtu akaangamia, ana dhamana. Mimi ni mwalimu wa chuoni miaka mingi na bakora imo ubavuni mwangu. Sijitoi katika safu hiyo.

Watu wa Shinyanga hawahitaji kusafirishwa mpaka Peru ili wayaelewe haya. Mwadui, wilaya ya Kishapu, pana mgodi wa almasi na pana kiwanja cha mpira. Mwadui FC ilikuwa Ligi Kuu mpaka mwaka 2021. Na mwaka huo huo, mwezi wa Mei, kampuni ya Petra Diamonds iliyokuwa ikimiliki sehemu kubwa ya mgodi huo ilifanya suluhu na watu 71 waliodai kwamba wao au jamaa zao walitendewa mabaya na walinzi na polisi mgodini; wengine walidai kupigwa risasi. Suluhu ilikuwa ya pauni milioni 4.3, gharama zikiwemo, bila ya kampuni kukubali kubeba dhima kisheria. Suluhu ni jambo jema katika dini yetu. Lakini madai hayo yalifunguliwa London. Mchimbaji wa Kishapu asikilizwe na mahakama ya Uingereza! Aibu hiyo si ya Waingereza.

Fiqhi imeweka utaratibu wa kumzuia mwenye kushambulia: kwa jepesi kwanza, kisha linalofuata. Kwa maneno, kisha kwa mkono, kisha kwa mjeledi, kisha kwa fimbo. Anayeruka daraja bila ya dharura hubeba dhamana. Basi mpirani daraja la kwanza ni lipi? Ni tiketi zisizozidi nafasi, ni kipaza sauti, ni lango kufunguliwa mapema. FIFA yenyewe, katika kanuni zake za usalama wa viwanja, imekataza walinzi wa pembezoni mwa uwanja kubeba bunduki au gesi ya kutawanyia watu. Na mkataba wa mataifa wa mwaka 1993 juu ya silaha za kemikali umekataza mabomu ya machozi vitani, ukayaruhusu kwa polisi. Adui haruhusiwi kurushiwa. Mtazamaji aliyelipa kiingilio anaruhusiwa.

Tarehe 28 Mei 2023, Yanga ilipocheza fainali na USM Alger hapo Mkapa, mtu mmoja alikufa katika msongamano na wengine 30 wakaumia. Na kombe la Afrika la mwaka 2027 limepangwa kufanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Vijana wa Shinyanga, Kahama na Geita watapanda mabasi, na wa kwetu pwani watatoka majumbani mwetu.

Kabla ya Magharibi nilimuuliza kijana yule pale barazani, ufunguo wa lango la kutokea siku ya mechi hukaa kwa nani. Akasema hajui. Nikamuuliza mzee. Akasema wajukuu zake wameingilia lango la upande wa barabarani, akanyanyuka kwenda kuwangojea.