Ruhusa ya Kuvuma

Ngoma ikilia sana hupasuka. Mtoto wa Pwani huisikia methali hiyo angali mdogo, pamoja na amri nyingine za ukoo huohuo: punguza sauti, kuna wageni, mtoto wa kike hacheki mpaka jino la mwisho lionekane. Sina ugomvi na malezi hayo. Lakini siku mtoto huyo anapoingia kikundi cha tarumbeta cha usharika, akakabidhiwa ala ya shaba na kuambiwa apulize, adabu yote aliyofunzwa humkaa kooni. Anapuliza kama anayepoza uji.

Nataka kuisifu kazi ya mtu anayemtoa hapo. Mwalimu wa tarumbeta hana cheo kikubwa. Siku ya kipaimara askofu hupongezwa, kwaya hupongezwa, mpishi hupongezwa, naye yuko nyuma akikung'uta mate kwenye tromboni.

Kazi yenyewe ina nasaba ndefu kwetu. Kabla ya meli ya mmisionari yeyote wa Kijerumani kutia nanga, pwani hii ilikuwa na siwa, pembe kubwa ya kupuliza: ya Pate ya pembe za ndovu, ya Lamu ya shaba. Siwa hupulizwa ubavuni, na kinacholia ni midomo ya mpulizaji, sawasawa na tarumbeta. Tena haikupulizwa ovyo. Ilikuwa sauti ya heshima, yenye wenyewe, ikitolewa kwa harusi na shughuli za watu wakubwa. Baadaye zikaja bendi za askari, na vijana wa mjini wakaziigiza wakapata ngoma ya beni, vikundi vya Marini na Arinoti vikishindana nani atavuma zaidi. Huku Uzaramoni, Kisarawe na Maneromango vilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo vya wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, miaka ya 1890. Walutheri wa Ujerumani wana desturi ya vikundi vya shaba vya watu wa kawaida, mkulima na fundi seremala wakipuliza nyimbo za ibada kwa sauti nne, na desturi hiyo imeota mizizi katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT. Kwa hiyo sauti kubwa si ugeni kwetu. Tatizo ni kwamba mtoto hajaambiwa kuwa naye ni mmoja wa wenyewe.

Woga nao una jiografia yake. Hapa mkoani Pwani, Kibaha ni barabara. Jumamosi ukisimama Maili Moja utaona pikapu imetangulia gari la bibi harusi, vijana wa matarumbeta wamejipanga nyuma, na pembeni yao linapita lori la mzigo wa Zambia au Kongo likiunguruma. Mwanafunzi mwoga hapo humezwa, na kumezwa kunamfurahisha: hakuna aliyemsikia, hakuna aliyekosea. Kisarawe ni kinyume chake. Vilima, miti, msitu wa Pugu na Kazimzumbwi jirani. Jioni ukipiga noti moja mbovu inashuka bondeni na kufika kwa watu usiowajua. Huku mwoga haogopi kumezwa, anaogopa kusikika. Mwalimu anayefundisha pande zote mbili inabidi ajue ni ugonjwa upi unaomkabili, maana Kibaha mtoto anahitaji kutengwa na kelele ajisikie, na Kisarawe anahitaji wenzake wamzunguke ili ajifiche kidogo huku akizoea.

Sasa tuje kwenye bomba lenyewe. Tarumbeta ya kawaida ni kama mita 1.4 za bomba lililokunjwa; tromboni ni kama mita 2.7. Bomba halina sauti yake. Midomo ndiyo inayolia, bomba linaitikia. Kwa noti ambayo okestra huitumia kupatanisha ala, midomo hufunguka na kufungika mara 440 kwa sekunde moja, na kinachoiendesha ni hewa tu. Mwoga huvuta hewa kidogo, tena ya kifuani juu, kisha huishikilia kidogo kabla ya kuiachia, kama anayesubiri ruhusa. Hewa ikiwa haba midomo haitetemeki sawasawa, noti inakatika. Noti ikikatika anaogopa zaidi, na anayeogopa zaidi huvuta hewa kidogo zaidi. Ndiyo maana kumwambia "ongeza nguvu" ni kumwonea. Ataongeza nguvu, kweli, lakini ataiongeza shingoni na kwenye midomo anayoibana menoni, na sauti itazidi kuwa nyembamba.

Mwalimu mzuri hazungumzii nguvu. Anachukua kipande cha karatasi, anamwambia mtoto akibandike ukutani kwa pumzi tu, kisianguke. Anamwambia avute hewa kwa hesabu ya nne mpaka mkanda wa suruali ukaze, na aitoe hapohapo bila kituo. Anamfanya auimbe wimbo kwanza, kwa mdomo wazi, ndipo aupulize. Arnold Jacobs, aliyepuliza tuba katika okestra ya Chicago Symphony tangu 1944 hadi 1988, alifundisha karibu hayohayo: mwanafunzi afikirie wimbo na hewa, misuli itajipanga yenyewe. Naye hakuwa na mapafu ya ajabu. Pumu ilikuwa imeyapunguza. Huwa nawatajia habari hiyo wanafunzi wembamba.

Ila somo ninaloliona kubwa kuliko yote halikutoka Chicago. Mwangalie msichana ambaye Alhamisi, kwenye mazoezi, alikuwa anaipulizia tarumbeta siri. Jumamosi shangazi yake anaolewa, ngoma ya mdundiko inapita mtaani, na msichana yuleyule anapiga kigelegele mpaka waliokaa barazani wanageuka. Pumzi ameitoa wapi? Hakuna aliyemfundisha kufungua koo. Alichokuwa nacho ni ruhusa: siku hiyo ukimya ndio ungekuwa utovu wa adabu. Mwalimu aliyeliona hilo humwambia Alhamisi inayofuata, "Piga kigelegele." Watoto wanacheka, anapiga. "Hewa hiyohiyo, sasa weka tarumbeta." Nimeona sauti ikiongezeka maradufu kwa maneno hayo, na mwenye tarumbeta akiishusha aitazame, asiamini.

Njia nyingine ni umbali. Peleka mwanafunzi goli moja la uwanja wa shule, wenzake wasimame goli la pili, na wao ndio wanyooshe mkono wakiusikia wimbo vizuri. Hapo hapigi tena kwa ajili ya masikio yake. Anamtafuta mtu.

Niseme pia kwamba si kila mwoga ni mwoga. Ala nyingi za vikundi vyetu ni za mitumba, na valvu inayovuja humfanya hata shujaa aonekane mnyonge. Bila kubonyeza valvu, chomoa kibomba chake. Kisipotoa mlio wa "pu", hewa inapotea, na lawama zihamie kwa fundi. Na mtoto aliyekuja mazoezini bila kula mchana atapata kizunguzungu, hatapata sauti.

Kisha hufika wakati ambao mwalimu hujuta kidogo, maana aliyekuwa mnyamavu sasa hanyamaziki. Methali ile ya ngoma ina sehemu yake ya ukweli. Ukisukuma hewa kupita kiasi, hasa katika bomba refu la tromboni, mawimbi ya sauti huchongoka njiani na kutoka makali, sauti ikawa ya kukwaruza badala ya kujaa. Wapiga harusi wa barabarani wanaipenda, na lori la mzigo ukiwa nalo ubavuni huna namna. Kanisani inaua sauti tatu nyingine. Kazi inayobaki hapo ni kumfundisha kupiga kwa sauti ya chini kwa hewa ileile nyingi, na hiyo ni ngumu kuliko yote yaliyotangulia.

Lakini ruhusa ya mwalimu haitoshi, kwa sababu mtoto anafanya mazoezi nyumbani, na nyumbani kuna majirani. Walimu ninaowaheshimu huenda wenyewe. Wanapiga hodi kwa wazazi, wanapita kwa mjumbe, wanaomba nusu saa tu, kumi na moja jioni mpaka na nusu. Mmoja wao alikuwa Kisarawe akiomba hivyo kwa bibi wa mwanafunzi wake, amejiandaa kwa maneno marefu ya kubembeleza. Bibi akamkatiza. "Apige tu, mwanangu. Akinyamaza ndiyo huwa sijui yuko wapi."