Juu ya Watoto Wachelewao Shuleni

Iko desturi moja katika shule zetu nyingi ambayo twaona yafaa kupimwa. Kengele ikilia asubuhi, mwalimu wa zamu husimama langoni na fimbo. Wachelewao huchapwa, au hupigishwa magoti, au hutumwa kufyeka majani mpaka kipindi cha kwanza kiishe. Kesho yake huchelewa wale wale, nao huchapwa tena. Dawa inywewayo kila siku na mgonjwa asipone, je, ni dawa?

Hatusemi kwamba kuchelewa ni jambo dogo. Achelewaye hukosa mwanzo wa somo, na hesabu isiyoeleweka mwanzo haieleweki mwisho. Tena huwakatiza wenziwe waliowahi. Lakini yeye alikosa robo saa tu, nasi kwa kumpeleka kwenye majani twamnyima kipindi kizima. Twamwadhibu kwa kumzidishia hasara ile ile tunayomlaumu.

Na tulitazame jua. Saa ya Tanzania ni moja, toka Dar es Salaam hata Tunduma, lakini jua halichomozi kwetu sote pamoja. Mwezi wa Juni, Dar es Salaam huliona yapata saa 12 na nusu, na huku Tunduma yapata saa 1. Basi mtoto aitwaye kufagia uwanja saa 1, na kwao ni mwendo wa saa nzima, hana budi kuondoka gizani, katika baridi. Mzazi amzuiaye binti yake mpaka kupambazuke hatuwezi kumwita mvivu.

Tena tuutazame mpaka. Tunduma na Nakonde ya Zambia zimeshikana kama nyumba mbili za ua mmoja, lakini saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Nyumba ifuatayo saa ya ng'ambo, au simu iliyoshika mnara wa huko, yaweza kumchelewesha mtoto naye adhani amewahi.

Wako pia wachelewao kwa uvivu tu, ambao paa la nyumba yao laonekana toka langoni. Hao hatuwatetei. Lakini mwalimu atawatambuaje, ikiwa wote husimama mstari mmoja na kupata fimbo moja? Wala sheria haikuiruhusu fimbo hiyo ya langoni. Kanuni za mwaka 2002 zasema kwamba viboko ni vya makosa mazito, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni.

Tufanyeje basi? Kwa majuma mawili mwalimu wa darasa na aandike daftarini jina la achelewaye, dakika alizochelewa, na sababu yake, akimwuliza faraghani. Mtoto na aingie kimya, aketi, asome, maulizo yangoje. Aliye mvivu, na kwao ni karibu, afidie dakika zake baada ya masomo, kwa kazi ya daftari. Kufagia kwaweza kuhamishiwa jioni katika miezi ya Juni na Julai. Neno hili lastahili kuletwa mbele ya kamati ya shule. Nasi walimu tuanze somo kengele iliapo, maana mtoto akimkuta mwalimu hajafika, hawezi kuamini kwamba dakika zina thamani.

Wazazi nao wana sehemu yao. Maji na yachotwe jioni, nguo zitengenezwe kabla ya kulala, na watoto wa njia moja waende pamoja. Aliyekesha akiuza dukani hawezi kuamka mapema.

Kwa nini twasema hayo kwa mkazo? Kwa sababu ya barabara. Malori hupanga foleni ndefu Tunduma yakingoja kuvuka, na penye foleni pana biashara: maji, mayai, karanga, na mizigo ya kubeba. Mtoto ajuaye kwamba langoni kuna fimbo na barabarani kuna shilingi, atakwenda wapi? Kwanza huchelewa, kisha hujificha mpaka wenziwe watoke, hata mwisho jina lake huitwa darasani lisijibiwe.

Wachelewao huambiwa mara nyingi methali ile, Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Ni methali njema, ila twampa asiyehusika. Mtoto hana mwana wa kupoteza. Walioambiwa ni wazazi na walimu, na yafaa sisi tuwahi kumwuliza mtoto kilichomchelewesha, kabla barabara haijamchukua.