Top 10 ya vyuo vikuu: mizani ni ya nani?

Bandugu, Exetat ikitoka tu, unga unamwagika ku vichwa vya batoto, na haipiti siku nyingi picha inaanza kuzunguka ku simu: "Top 10 ya vyuo vikuu vya Kongo". Wazazi wa Dilolo wanaitazama sana. Huku kwetu, kumpeleka mtoto kusoma Kolwezi ao Lubumbashi ni kuuza mbuzi, ni kukopa, ni kutafuta ndugu wa kumlaza. Kwa hiyo swali langu si la mchezo: ile orodha inapima nini?

Nimesoma namna orodha zenye jina zinavyotengenezwa. Ya Shanghai, iliyoanza 2003, inatoa alama 30 kwa 100 kwa zawadi za Nobel na medali za Fields peke yake, na zingine 20 kwa makala za magazeti mawili, Nature na Science. Chuo kinaweza kufundisha vizuri wahandisi wa mine miaka 20, na bado nusu ya mtihani kimeipoteza mbele ya kuanza.

Webometrics, ya watafiti wa Hispania, iko karibu zaidi na siye, juu inaweka hata vyuo vidogo. Ilianza 2004 ili kuhimiza vyuo viweke kazi zao ku intaneti. Nusu ya alama zake inatoka ku tovuti za nje zinazoelekeza watu ku tovuti ya chuo. Nusu ingine ni makala na watafiti wanaotajwa sana. Hakuna anayeingia ku auditware kuhesabu viti, wala kuuliza kama profesa alifika.

Msifikiri ni shida ya Afrika tu. Mwaka 2022 Michael Thaddeus, profesa wa hesabu wa Columbia, New York, alichunguza namba ambazo chuo chake mwenyewe kilipeleka ku orodha ya U.S. News. Columbia ilikuwa ya 2. Akaonyesha kwamba namba kadhaa hazisimami. Chuo kikakubali kuwa kulikuwa na makosa, na mwaka uleule kikashuka mpaka nafasi ya 18. Walimu ni walewale, majengo ni yaleyale. Kilichobadilika ni karatasi.

Mchimbaji wa mkono wa Kolwezi anajua hii mambo kutupita. Akifika na mifuko yake ku depo, kama za Musompo, mnunuzi anapima mawe kwa mashine ya Metorex, na bei inatoka ku ile namba. Mchimbaji haangalii namba tu. Anauliza mashine ni ya nani na nani aliitengeneza asubuhi. Siye wenye diplome tunapokea Top 10 bila kuuliza hata moja.

Basi tuitupe? Hapana. Kama unatafuta mahali pa kufanya doktora, orodha inakuonyesha wapi watu wanaandika na kusomwa. Lakini kwa mtoto anayeingia Licence 1, tofauti ya namba 4 na namba 7 haitoshi kumuuza mbuzi.

Yeye anahitaji majibu mengine. Chuo kiko na ruhusa ya serikali, na ile filiere yenyewe je? Walimu wangapi ni wa pale, na wangapi wanakuja wiki moja, wanamaliza kozi mbio mbio na kurudia Lubumbashi? Laboratware inafunguliwa ao iko na kufuli? Waliomaliza miaka 3 iliyopita wanafanya kazi wapi, na diplome yenyewe walingojea miezi mingapi?

Haya majibu hayako Shanghai wala Hispania. Yako kwetu siye tuliomaliza. Mzazi akituonyesha ile picha ku simu, tusimwambie tu "ni nzuri" ao "ni bongo". Tumwambie tulichokiona, hata kama ni chuo chetu na kinatutia haya.