Msonge Uwanjani: Tahakiki Fupi ya Nyumba za Jadi, Kitale na Bungoma

Makala haya yanakusudia kuhakiki, si kitabu, bali maonyesho: nyumba za jadi zilizojengwa katika uwanja wa Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974. Twashikilia ya kwamba maonyesho nayo husomwa, na ya kwamba haya yana pengo.

Nyumba ya Kibukusu ni msonge: fito zilizofungamanishwa, ukuta uliokandikwa udongo na kupakwa samadi, kombamoyo zilizokutana kileleni, paa la nyasi. Ufundi wake hauna shaka. Udongo mnene hupokea joto polepole mchana na kulitoa polepole usiku, jambo lenye thamani Kitale, ambako kimo kinakaribia mita 1,900. Moshi wa mekoni hufukuza wadudu waharibuo paa (macho na mapafu ya mpishi hayaulizwi). Nyumba ikichakaa, hurudi ardhini.

Lakini nyumba iliyosimama uwanjani haiwezi kuonyesha ardhi iliyoilea. Msonge hutaka malisho ya ng'ombe watoao samadi, kichaka kitoacho fito, na mbuga ya nyasi ndefu, kwani paa halina budi kuezekwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Huko Bungoma mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu. Na tangu kiwanda cha Nzoia kilipoanza kusaga miwa mwaka 1978, miwa nayo ilidai nafasi yake. Aezekaye bati hajausaliti utamaduni. Huenda amekosa nyasi tu. Wasifuo nyumba ya jadi bila kuligusa suala la ardhi wanasifu ganda.

Kadhalika, msonge mmoja si kijiji. Pale Chetambe, karibu na Webuye, Wabukusu waliopigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895 walijikinga nyuma ya handaki na kuta za udongo. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu mmoja. Ni ya ujima.

Limebaki suala la lugha. Wengi wetu twaandika "kibanda", na kwa kiambishi hicho kidogo twamdunisha mwenye nyumba. Kiswahili kina msonge, kina kombamoyo, kina kukandika na kuezeka; hatuna udhuru. Kibao mbele ya nyumba kama hizi chapasa kutumia maneno hayo, na, pamoja na jina la kabila, kitaje ukubwa wa mbuga iliyohitajika kuezeka paa moja.