"Kwa" na "Hadi" katika Maelezo ya Joto

Katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo hali ya hewa na tiba, neno "nyuzi" limebebeshwa maana mbili. Mara hutaja mahali joto lilipofika katika kipimo. Mara hutaja kadiri lilivyoongezeka au kupungua. Wako wasemao kwamba kasoro hiyo yatokana na uchache wa istilahi. Rai yetu ni kwamba istilahi haina lawama. Wenye lawama ni waandishi wasiojali maneno madogo yaungayo sentensi.

Yafaa kwanza kuitazama hesabu yenyewe. Katika kipimo kiitwacho kwa jina la Fahrenheit, kama kitumikavyo leo, barafu huyeyuka kwenye 32 na maji huchemka kwenye 212. Katika kile cha Celsius, huwa 0 na 100. Basi nafasi ile ile ina nyuzi 180 huku na 100 kule, yaani tofauti ya nyuzi 5 za Celsius ni sawa na tofauti ya nyuzi 9 za Fahrenheit. Atakaye kugeuza mahali huzidisha kwa 9, akagawa kwa 5, kisha akaongeza 32. Atakaye kugeuza tofauti huzidisha na kugawa tu. Ile 32 haimhusu, kwa kuwa hutoweka joto moja litolewapo katika jingine.

Chanjo nyingi huhifadhiwa baina ya nyuzi 2 na 8 za Celsius. Hapo 2 ni mahali, nayo ni 35.6 za Fahrenheit. Lakini muuguzi aandikapo kwamba "joto la jokofu limepanda nyuzi 2", je, limezidi kwa 2, au limefika 2? Kama ni tofauti, jibu ni 3.6 tu. Sentensi haisemi, na chanjo yaweza kuharibika kwa sababu hiyo.

Tena, katika Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, mataifa yaliazimia kujitahidi ili ongezeko la wastani wa joto la dunia lisizidi nyuzi 1.5 za Celsius, likilinganishwa na lilivyokuwa kabla ya enzi ya viwanda. Mwandishi afupishaye kwa kusema "kudhibiti joto hadi nyuzi 1.5" ameitia dunia nzima katika baridi ya karibu na barafu, naye atakayeligeuza neno hilo kwa Fahrenheit atapata 34.7 mahali pa 2.7. Wakazi wa Bonde la Msimbazi, waliofikwa na mafuriko makubwa mwezi wa Desemba 2011, wastahili kuelezwa mambo hayo kwa usahihi zaidi.

Dawa yake haiko mbali. Baadhi ya waandishi wa Kiingereza hubadili mpangilio wa maneno ili kutenga tofauti na mahali. Sisi hatuna haja hiyo. Katika Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, mchuuzi asemaye "bei imepanda kwa shilingi 200" na asemaye "bei imepanda hadi shilingi 200" hawachanganywi na mnunuzi yeyote. Basi tuandike "kwa" penye tofauti, na "hadi" au "kufika" penye mahali. Na penye jina, tuseme waziwazi "ongezeko la nyuzi" au "tofauti ya nyuzi". Wahariri wa vitabu vya shule hawana budi kuanza na hilo kabla ya kudai istilahi mpya.