Ya Kuweka na ya Kurudi Chunguni

Huko Marekani, katika gereji na mabanda ya nyuma ya nyumba, wako walenga shabaha wasionunua risasi za kiwandani. Wanazisubu wenyewe. Wanayeyusha madini ya risasi katika chungu cha umeme, wanayamimina kwenye kalibu ya chuma, ya shaba au ya alumini, wanasubiri yagande, wanafungua kalibu, na risasi mpya inadondoka juu ya taulo lililokunjwa. Kumimina huko mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kufundishwa asubuhi, na jioni akawa anamimina. Ugumu unakuja baadaye, madini yakishapoa, fundi anapoketi mezani na rundo lake, akashika risasi moja moja, akaamua ipi ibaki na ipi ikayeyushwe upya. Ustadi wake unajulikana hapo, na ndipo heshima yangu kwake ilipo.

Kuna sababu ya hukumu hiyo kungoja. Kalibu inataka joto lake. Ikiwa bado baridi, madini huanza kuganda kabla hayajaijaza, na risasi za mwanzo hutoka na makunyanzi. Hizo hazina mjadala, zinarudi. Kalibu ikishakolea joto, fundi hushika mwendo wake: kumimina, kungoja kile kipande kinachobaki juu ya tundu kigande, kukata, kufungua, kufunga, kumimina tena. Akisimama kuitazama kazi yake, kalibu inapoa na makunyanzi yanarudi. Tena risasi iliyotoka sasa hivi bado ni laini, ukiigusa vibaya inabonyea. Kwa hiyo anaendelea bila kugeuka, huku akijua kwamba katika rundo linaloongezeka pembeni yake mna nzuri na mbovu, na hajui ni ngapi. Subira hiyo si ndogo. Wengi wetu tukitengeneza kitu hatuwezi kujizuia kukichungulia.

Wakati wa kukagua ukifika, fundi mzoefu haanzi na ncha. Anaipindua risasi, anaitazama kitako. Anataka ukingo wa kitako uwe mkali, umejaa pande zote, usiwe na mahali palipoviringika kama pamelambwa. Mgeni hushangaa, maana jicho la mtu asiyejua hukimbilia mbele, kule kunakopasua hewa. Lakini risasi inapotoka mdomoni mwa mtutu, kitako ndicho cha mwisho kuachana na chuma, na nyuma yake kuna gesi ya baruti yenye nguvu kubwa. Ukingo ukiwa mzima, gesi hiyo huchomoka pande zote kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukiwa na pengo, gesi huwahi kutokea hapo, ikaisukuma risasi kombo wakati ule ule inapoanza safari yake.

Haya hayakupatikana kwa kubahatisha. Daktari mmoja wa Massachusetts, Franklin W. Mann, alitumia miaka mingi ya maisha yake kutafuta kwa nini risasi mbili zinazofanana hazipigi mahali pamoja. Alijenga msingi mzito wa zege, akaupa jina la Gibraltar, akafunga mtutu juu yake ili kosa la mkono wa binadamu liondoke kwenye hesabu. Kisha akaziharibu risasi kwa makusudi, nyingine kwenye ncha, nyingine kwenye kitako, akazipiga na kupima zilikoangukia. Zilizoharibiwa ncha zilipotea kidogo. Zilizoharibiwa kitako zilipotea vibaya. Kitabu chake kilitoka mwaka 1909, na mpaka leo anayekagua risasi za kusubu anafuata alichokionyesha Mann, hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Wakati huo huo Harry Pope, fundi wa mitutu aliyezaliwa 1861 na kufa 1950, alikuwa na namna yake ya kukienzi kitako: katika bunduki zake za mashindano risasi iliingizwa kwa mbele, kupitia kipande cha mtutu kilichovishwa mdomoni kwa muda, halafu baruti ikawekwa kwa nyuma. Kazi yote hiyo ilifanywa ili ukingo ule mwembamba usiguswe isivyopasa.

Basi kitako kikiwa na kasoro, risasi inarudi chunguni hata kama sehemu nyingine zote zinang'aa. Mikanda iliyozunguka mwili wake nayo sharti iwe imejaa, kwani ndiyo inayokamata mifereji ya mtutu. Ncha husamehewa zaidi. Kunyanzi jembamba pale mbele, linaloonekana tu ukiigeuzia taa, haliiharibii kitu risasi ya masafa mafupi. Ziko pia zinazoonekana mbovu na kumbe ni nzima: zile zilizofifia, kama zimepuliziwa vumbi la kijivu. Hizo zimesubiwa kalibu ikiwa na joto jingi, na ule ukungu ni alama ya jinsi madini yalivyoganda. Anayeanza huziyeyusha kwa sababu hazipendezi. Aliyekomaa huangalia kama kingo zimejaa, akaona zimejaa, akaziweka. Napenda sana hatua hiyo, kwa sababu ni kuacha kuutii uzuri wa macho na kuanza kuitii kazi yenyewe.

Halafu iko kasoro ambayo jicho haliioni hata kidogo. Risasi inaweza kuwa safi kila upande na ndani yake mkawa na uwazi, hewa iliyonaswa au madini yaliyojivuta yakiganda. Uwazi huo ukiwa upande mmoja, risasi inayozunguka kwa kasi hupepesuka. Hapo mzani ndio unaotoa ushahidi. Wasubu risasi hupima kwa greni, ambazo 7,000 hufanya ratili moja, na hata uwazi mdogo kama punje ya ulezi unapunguza uzito kiasi cha kuonekana mzanini. Fundi hupima moja moja na kuzipanga kwa safu kufuata uzito. Taratibu kilima hujitokeza: nyingi zimesongamana katikati, na upande wa nyepesi unatoka mkia mrefu wa chache chache. Mkia huo huondolewa wote. Mtu akifika hapo baada ya kuwa ameshazichambua kwa macho, akatoa tena risasi ambazo dakika moja iliyopita aliziita nzuri, ujue anaiamini kazi yake kuliko anavyojipendelea.

Watu wa zamani waliwahi kuiachia risasi ijihukumu yenyewe. Mwaka 1782 William Watts wa Bristol, Uingereza, alipata hataza ya kutengeneza marisau kwa kuyamwaga madini kupitia chujio kutoka juu sana. Matone yalijiviringa yakiwa hewani na kuangukia maji. Minara ilijengwa kwa kazi hiyo, na ule wa Baltimore, uliokamilika 1828, bado umesimama. Marisau yaliyopatikana yaliachwa yateremke kwenye mbao za mteremko zenye mapengo. Ya mviringo kamili yalishika kasi na kuruka pengo. Yaliyopinda yalijikokota, yakatumbukia, yakarudishwa kuyeyushwa. Ni mbinu yenye akili nyingi, ila inafaa kwa kitu chenye umbo moja tu. Risasi ndefu yenye kitako na ncha haina mteremko wa kuipima, inahitaji mtu.

Na mtu huyo lazima ayajue madini yake. Madini ya risasi matupu huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selisiasi, lakini ni laini na huwa mazito kujaza pembe. Bati kidogo, hata sehemu mbili katika mia, huyafanya yatiririke hadi kwenye kona kali za kalibu. Antimoni huyapa ugumu. Magazeti ya Marekani yalipoachana na mashine za kupangia herufi za linotaipu (New York Times lilifanya hivyo mwaka 1978), metali iliyokuwa ikipanga habari, yenye takriban sehemu 4 za bati na 12 za antimoni katika mia, ilipata wanunuzi miongoni mwa wasubu risasi. Ikichanganywa na madini laini hutoa kingo ambazo hazihitaji kuombewa. Kinyume chake ni zinki. Kipande kimoja au viwili vya kusawazishia magurudumu vilivyotengenezwa kwa zinki, vikiyeyukia chunguni, huyafanya madini yawe kama uji, na hapo kukagua hakusaidii, kwa kuwa kila risasi itakuwa na ila.

Sipendi, hata hivyo, kusikia mtu akisifiwa kwa kurudisha nyingi tu. Anayetupa nusu ya kazi yake kila mara, na zilizotupwa zingepiga shabaha bila tatizo, bado hajajua anatafuta nini. Risasi ya bastola ya kufanyia mazoezi kwa yadi 25 haistahili mashtaka ya risasi ya mashindano ya yadi 200. Kwa hiyo mezani huwa na vyombo vitatu. Cha kwanza ni cha zile atakazozitegemea. Cha pili ni cha zile za kupashia mtutu joto kabla ya mashindano. Cha tatu ni cha kurudi.

Kurudisha nako kuna adabu yake. Risasi baridi zikimwagwa nyingi kwa mpigo hushusha joto la chungu na kuvuruga mwendo wote, kwa hiyo wengi huziweka hadi siku nyingine. Zikiwa na unyevu ni hatari ya kweli: tone la maji likizama ndani ya madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha usoni mwa mtu. Zinarudi zikiwa kavu kabisa. Mlango uko wazi ili hewa ipite, watoto wako mbali, hakuna chakula karibu, na mikono inaoshwa vizuri kazi ikiisha, maana madini haya ni sumu. Yakishayeyuka, nta kidogo au unga wa mbao hukorogwa ndani ili bati lililoanza kuungua lirudi kwenye mchanganyiko, na taka zikaenguliwa.

Walio makini kupita wote hawaishii hapo. Wanachukua fungu la zile walizozikataa, wanaliandikia kasoro yake, wanakwenda nalo uwanjani na kulipiga kwa bunduki ile ile, kwa baruti ile ile, kando ya fungu la zilizokubaliwa. Kisha wanapima matundu kwenye karatasi. Zenye ncha ya makunyanzi zikikaa pamoja na nzima, safari ijayo zinaingia chombo cha kwanza. Zenye kitako kilicholambwa zikitawanyika, zinaendelea kuyeyushwa, na safari hiyo fundi ana karatasi ya kumwonyesha atakayemuuliza sababu.